Fulusi za Kaisari: Vipande vya Shaba Vitoavyo Ushahidi

Mtu wa pwani akiwa hana pesa husema hana fulusi. Akimwona jirani yake amenunua mashua mpya, husema, "Yule ana fulusi zake." Neno hili tumelizoea tangu utotoni hata hatuulizi lilikotoka. Ukiuliza barazani utaambiwa kwamba ni neno la Kiarabu, na aliyekwambia atakuwa amesema kweli. Lakini Waarabu nao walilipata wapi?

Swali hilo dogo linatupeleka mbali, hadi Rumi ya makaisari, miaka elfu mbili iliyopita. Kwa Kiarabu, fulusi ni wingi wa fals, nayo fals ni sarafu ya shaba. Wataalamu wa lugha wanaeleza kwamba fals limetokana na follis, neno la Kilatini lililopitia kwa Wayunani kabla ya kufika Shamu. Hapo mwanzo follis ulikuwa mfuko wa ngozi. Baadaye likawa jina la sarafu ya shaba. Dinari nayo ni denarius ya Warumi hao hao, na dirhamu ni drakma ya Wayunani. Basi kila mama anayehesabu fulusi zake pale Marikiti, Mombasa, anataja jina la sarafu ya Kaisari bila ya kujua.

Sarafu hizo bado zipo. Zinafukuliwa mashambani huko Uingereza, Ufaransa, Uhispania, Shamu na Misri, na wako watu katika nchi nyingi ambao kazi yao ya mapumziko ni kuzikusanya, kuzisoma na kuzipanga. Mtindo huo si wa jana. Mshairi Petrarch wa Italia alipokutana na Mfalme Charles IV mwaka wa 1354, alimtunuku sarafu za kale za dhahabu na fedha zenye sura za makaisari, ili mfalme ajifunze kwa wakubwa waliomtangulia.

Dhahabu na fedha zilikuwa za wafalme na matajiri. Makala haya yanahusu shaba, sarafu ya mtu wa kawaida: mnunuzi wa mkate, mchukuzi wa bandarini, askari anayelipia kuoga hamamuni. Ni sarafu ya mnyonge, lakini ndiyo inayotoa ushahidi mwingi zaidi.

KAISARI ANAINGIA SOKONI

Augustus, Kaisari wa kwanza, ndiye aliyeipanga upya pesa ya Rumi, yapata mwaka wa 23 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Juu kabisa aliweka sarafu ya dhahabu, aureus. Hiyo ilikuwa sawa na denarius 25 za fedha. Denarius moja ilivunjwa kwa sestertius nne, na kila sestertius kwa as nne. Chini kabisa palikuwa na quadrans, robo ya as.

Sestertius ilikuwa sarafu nzito, yapata gramu 25, pana kuliko sarafu yoyote tunayoitumia leo hapa Kenya. Ilitengenezwa kwa shaba iliyochanganywa na zinki, ikang'ara manjano karibu na dhahabu. As ilikuwa ya shaba tupu, nyekundu. Kwa hiyo hata asiyejua kusoma aliweza kuzitofautisha kwa rangi na ukubwa.

Hata taji la Kaisari lilikuwa na maana yake. Tangu enzi ya Nero, taji la majani lilitumika sana kwa sarafu ya kawaida, na taji la miale kama ya jua lilionyesha sarafu ya thamani mara mbili, yaani dupondius, ambayo ni sawa na as mbili. Alama hiyo tuikumbuke, kwani baadaye ndiyo iliyotumiwa kuwapunja watu.

Pembezoni mwa sura ya Kaisari kuna maandishi yaliyofupishwa. IMP ni amiri jeshi. AVG ni Augustus, lakabu ya kila Kaisari. COS ni cheo cha ubalozi mkuu wa mji wa Rumi, na nambari inayofuata yaonyesha amekishika mara ngapi. TR P ni mamlaka yaliyofanywa upya kila mwaka. Mkusanyaji akizihesabu nambari hizo, mara nyingi ataweza kuutaja mwaka sarafu ilipopigwa chapa. Herufi mbili kubwa, SC, zinazoonekana katika shaba nyingi za mwanzo, zamaanisha kwa amri ya Baraza la Seneti.

HABARI ZA DOLA

Tukumbuke kwamba zama hizo hapakuwa na gazeti wala redio. Mtu wa kijijini Misri hakupata kumwona Kaisari maisha yake yote. Lakini sura ya mtawala huyo ilimfikia mkononi, na upande wa pili wa sarafu akaiona habari ambayo serikali ilitaka aijue.

Mwaka wa 70 majeshi ya Rumi yaliuteka mji wa Baitul Muqaddas na kuliteketeza hekalu lake. Kaisari Vespasian akatoa sarafu zinazoonyesha mwanamke ameketi chini ya mtende kwa huzuni, na maneno yanayotangaza kwamba nchi ya Wayahudi imetekwa. Mwanawe, Titus, alionyesha uwanja mkubwa wa michezo wa Rumi, ambao magofu yake yapo hadi leo. Hadrian, Kaisari aliyependa safari, alitoa sarafu zilizozitaja nchi alizozitembelea, na Afrika ikawa mwanamke aliyevaa ngozi ya kichwa cha ndovu.

Si makaisari wote waliotoka Italia. Septimius Severus, aliyetawala tangu 193 hadi 211, alizaliwa Leptis Magna, katika nchi inayoitwa Libya sasa. Mkewe, Julia Domna, alitoka Homs, huko Shamu. Sura zao wote wawili zimejaa katika sarafu za wakati wao.

Wana wao walikuwa wawili, Caracalla na Geta. Baba alipokufa walitawala pamoja, lakini kabla ya mwaka kwisha Caracalla alimwua ndugu yake na kuamuru jina lake lifutwe kila mahali. Katika mji wa Stratonicea, nchi ya Uturuki ya leo, zimeonekana sarafu za shaba zilizokuwa na ndugu hao wakitazamana. Upande wa Caracalla uko salama; upande wa Geta umekwanguliwa hata pamebaki pengo. Mtu hahitaji kusoma kitabu ili ayaelewe yaliyotokea katika nyumba ile.

Kisha yuko Philip, ambaye wanahistoria humwita Mwarabu, kwa kuwa alizaliwa Shahba, kusini mwa Shamu. Ndiye aliyekuwa Kaisari mwaka wa 248, Warumi waliposherehekea miaka 1,000 ya mji wao. Sarafu za sherehe hizo zinaonyesha wanyama, miongoni mwao simba na kiboko. Ni ajabu ya Mola kwamba mwana wa Uarabuni ndiye aliyekalia kiti cha Rumi siku ya karamu hiyo.

FEDHA IKAGEUKA SHABA

Karamu ile iliificha shida. Vita vilikuwa vingi mipakani, askari walitaka mishahara, na fedha haikutosha. Caracalla alikuwa amefungua mlango mwaka wa 215 kwa kutoa sarafu mpya ya fedha. Ilivaa taji la miale, kwa hiyo ilihesabiwa denarius mbili, lakini fedha iliyokuwamo ilikuwa ya denarius moja na nusu tu. Nusu nyingine ilikuwa ni neno la Kaisari.

Waliomfuata wakazidisha. Kila mmoja alipunguza fedha kidogo na kuongeza shaba kidogo. Ilipofika mwaka wa 270 hivi, fedha iliyobaki haikufika sehemu 5 katika 100. Sarafu ilikuwa ya shaba, imepakwa rangi ya fedha juu juu, na rangi hiyo ilitoka baada ya kupita mikononi mwa watu. Huku nyuma, maneno yake yaliendelea kutangaza amani, ushindi na wingi wa mali.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Bei zilipanda. Watu walizificha sarafu za zamani zilizokuwa na fedha halisi, wakazitoa zile mbovu. Katika Uingereza na Ufaransa za leo, mafundi wa vichochoroni walipiga sarafu zao bandia, ndogo na mbaya. Kaisari Aurelian alipotaka kuitengeneza hali hiyo, wafanyakazi wa kiwanda cha sarafu cha Rumi waliasi, na damu nyingi ikamwagika mjini.

Diocletian akaja na dawa nyingine. Yapata mwaka wa 294 alitoa sarafu kubwa ya shaba yenye fedha kidogo, uzito wake kama gramu 10. Hii ndiyo ambayo wakusanyaji wa leo wamezoea kuiita follis. Mwaka wa 301 akatangaza bei ya juu kabisa ya kila kitu, toka nafaka hadi ujira wa mwalimu, na atakayezidisha adhabu yake kifo. Amri haikufaulu.

Chini ya Konstantino na wanawe follis ilizidi kunywea. Kuna sarafu moja ya miaka ya 330 ambayo kila mkusanyaji anayeanza hukutana nayo: askari wawili wamesimama, na katikati yao bendera mbili za jeshi, na maneno yanayousifu utukufu wa majeshi. Baada ya miaka michache sarafu ilipunguzwa hata nafasi ikawa haitoshi. Fundi akaondoa bendera moja. Askari ni wale wale, sifa ni zile zile, bendera imebaki moja tu.

Hapo ndipo panapoonekana faida ya kuikusanya shaba. Maneno ya sarafu ni ya serikali. Uzito wake ni ukweli. Ukizipanga mezani kwa mfuatano wa miaka, utaziona zinapungua mbele ya macho yako, na utajua mke wa askari alihisi nini alipokwenda sokoni.

KUTOKA FOLLIS HADI FULUSI

Kufikia karne ya 5, Rumi ya Magharibi ilipokuwa ikianguka, sarafu ya shaba ilikuwa imebaki gramu moja na kidogo tu. Lakini Rumi ya Mashariki ilisimama, makao yake Konstantinopoli, ambayo sasa ni Istanbul. Mwaka wa 498 Kaisari Anastasius alitoa tena sarafu kubwa ya shaba, na nyuma yake akaweka herufi moja kubwa, M. Kwa Wayunani herufi hiyo ilisimama kwa nambari 40, maana sarafu hiyo ilikuwa sawa na vijisarafu 40. Hii ndiyo follis iliyowafikia Waarabu wa Shamu, nao wakaiita fals.

Katika miaka ya 540 follis ya Kaisari Justinian ilizidi gramu 20. Karne moja baadaye, chini ya Kaisari Heraclius, haikufika nusu ya uzito huo. Huyu Heraclius si mgeni kwetu. Ndiye Hirqal wa vitabu vya sira, na vita vyake na Waajemi ndivyo vinavyotajwa mwanzoni mwa Sura ya 30 ya Qurani Tukufu, Surat ar-Rum. Waajemi waliitwaa Dameski mwaka wa 613, Baitul Muqaddas mwaka wa 614, kisha Misri. Sura ikaeleza kwamba Warumi wameshindwa, na kwamba wao nao watashinda baada ya miaka michache. Mwaka wa 627 Heraclius aliwashinda Waajemi karibu na Ninawi, na mwaka wa 628 pakawa na sulhu.

Fulusi zake zinayaeleza hayo kwa namna yake. Hapakuwa na wakati wala mali ya kutengeneza vipande vipya, kwa hivyo sarafu nyingi zilipigwa chapa juu ya sarafu za makaisari waliotangulia. Ukiishika moja utaona sikio la mtu wa zamani likichungulia chini ya taji la mtu mpya. Katika sarafu za baadaye Heraclius amesimama na ndevu ndefu, amevaa mavazi ya vita, mwanawe kando yake.

Mwaka wa 636 vita vya Yarmuk viliitia Shamu mikononi mwa Waislamu. Je, sokoni ilikuwaje kesho yake? Shaba inajibu: watu waliendelea kutumia fulusi zile zile. Hata Waislamu walipoanza kuzipiga wenyewe, kwa muda waliuacha mfano wa zamani, sura ya mtawala na herufi M, wakaongeza maneno ya Kiarabu. Zile za Homs zina neno la Kiyunani na neno la Kiarabu pamoja, na la Kiarabu ni tayyib, yaani njema. Muuzaji wa kila lugha apate kuridhika.

Ni Khalifa Abdul Malik bin Marwan aliyekata shauri. Mwaka wa 77 wa Hijra alitoa dinari isiyokuwa na sura ya mtu, ila maandishi matupu ya kumtukuza Mwenyezi Mungu, na fulusi zikafuata mtindo huo. Karne nyingi baadaye masultani wa Kilwa walipopiga sarafu zao za shaba, walifuata njia iyo hiyo: upande mmoja jina la sultani, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mola, na pande hizo mbili zina vina kama beti la shairi. Hivyo ndivyo sarafu ya Kiislamu ilivyofika kwetu, na jina la fulusi likabaki.

CHUNGU CHA FROME NA SARAFU ZA BIRIKAU

Sasa tufike kwenye jambo lenye uzito kuliko yote. Sarafu inatoa ushahidi, lakini shahidi huulizwa kwanza, "Wewe ulikuwa wapi?" Asipoweza kujibu, maneno yake hayana nguvu. Tutazame mifano miwili.

Mwaka wa 2010, karibu na mji wa Frome, Uingereza, mpishi mmoja wa hospitali alikuwa akitafuta vitu vya kale shambani kwa chombo cha kugundua madini. Aligusa mdomo wa chungu kilichojaa sarafu za Warumi. Angaliweza kuzichota usiku ule. Badala yake aliacha kuchimba, akafukia, akawaita wataalamu.

Sarafu zilihesabiwa 52,503, uzito wake kilo 160 hivi, na karibu zote za shaba au za ile fedha iliyochakaa. Zilitolewa tabaka kwa tabaka. Kwa kufanya hivyo iligunduliwa kwamba nyingi za sarafu za Carausius, mtawala aliyejitangaza Kaisari Uingereza tangu 286 hadi 293, zilikuwa chini ya nusu ya chungu, na za wakubwa waliomtangulia zilikuwa juu yake. Maana yake, chungu hakikujazwa kidogo kidogo mwaka hadi mwaka. Kilijazwa kwa mara moja. Tena chungu kilikuwa chembamba, hakingebebeka kimejaa. Ndipo wataalamu wakafikiri kwamba pengine ilikuwa sadaka ya kijiji kizima kwa miungu yao, si akiba ya tajiri mmoja. Sarafu hizo ziko makumbushoni, na mgunduzi na mwenye shamba walilipwa kwa haki.

Mfano wa pili ni wa kwetu. Mwaka wa 1912 Mwingereza mmoja, Captain Haywood, alifika Birikau, ile bandari ya Wabajuni kusini mwa Somalia ambayo pia huitwa Bur Gao. Alirudi na sarafu alizosema zilipatikana pale. Zilikuwamo za wafalme wa Misri ya kale, za makaisari wa Rumi, na za Misri ya Kiislamu za karne nyingi baadaye. Miaka kama 20 ikapita kabla ya kuchapishwa habari zake na wataalamu.

Fikiri, msomaji, uzito wa jambo hilo. Tunajua kwamba mabaharia wa dola ya Rumi walizijua pwani zetu, kwani kitabu chao cha safari, Periplus, cha karne ya 1, kinataja masoko ya Azania mpaka Rhapta. Sarafu za Birikau zingeweza kuwa ushahidi wa mkononi wa biashara hiyo. Lakini hakuna aliyeandika zilikuwa kina gani, ndani ya chombo gani, pamoja na nini. Mchanganyiko wa zama ulizua swali: je, zilifukiwa pamoja, au ni mkusanyo wa mtu aliyezinunua Misri? Mwanahistoria Neville Chittick alipokagua mahali hapo mwishoni mwa miaka ya 1960, magofu aliyoyaona yalikuwa ya karne za baadaye sana. Hadi leo sarafu zile hazitegemewi.

Kipande cha historia yetu kilishikwa mkononi, kikaponyoka kwa kukosa kalamu na karatasi.

ADABU ZA MKUSANYAJI

Mwenye kutaka kukusanya sarafu hizi basi ana mambo ya kuchunga. Bandia zipo, tena za kale: Giovanni da Cavino wa Padua, aliyefariki mwaka wa 1570, alitengeneza mifano ya sestertius kwa ustadi mkubwa hata mifano yenyewe sasa inakusanywa. Siku hizi mashine zimerahisisha kazi hiyo. Heri kununua kwa muuzaji anayejulikana na anayetoa karatasi za asili ya sarafu.

La pili ni kuosha. Sisi wa pwani tumezoea kusugua sinia za shaba kwa ndimu au ukwaju na jivu mpaka zing'are. Ukiifanyia hivyo sarafu ya kale umeiua. Ngozi ya kijani au ya kahawia juu yake ndiyo inayoilinda, na mara nyingi maandishi yamebaki ndani ya ngozi hiyo. Wajuzi huiloweka katika maji safi yasiyo na chumvi, kwa majuma au miezi, na kuisafisha kwa kijiti. Ikitokea unga wa kijani kibichi unaopukutika, huo ni ugonjwa wa shaba uletwao na chumvi, na unyevu huuzidisha. Itengwe na nyingine, iwekwe pakavu.

La tatu ndilo kubwa. Tangu vita vya Shamu vilipoanza mwaka wa 2011, mahali pa kale kama Apamea pametobolewa mashimo kila upande na wezi wa mali za kale. Sarafu zao zinauzwa mbali na nyumbani. Anayenunua asiulize zimetoka wapi amelipia shimo jingine lichimbwe.

Na sisi je? Pwani yetu, tangu Lamu hadi Vanga, imejaa magofu ya wazee wetu. Watu huchimba misingi, visima na vyoo kila siku. Kesho huenda jembe la mtu likagonga kipande cha shaba, cha Kilwa, cha Misri au hata cha Kaisari. Asikisugue, asikipeleke kwa mfanyabiashara wa watalii. Akiache pale alipokiona, aweke alama, apeleke habari Makumbusho ya Taifa, ama Fort Jesus ama Lamu, kama sheria ya nchi inavyotaka.

Huenda fulusi hiyo isinunue hata kikombe cha kahawa. Lakini ikiulizwa ilikuwa wapi, itakuwa na jibu.